Sahani Nyeupe ya Arafa binti Nasrudin

Jumatano iliyopita, tarehe 11 Novemba 1987, baada ya sala ya alasiri, marehemu Arafa binti Nasrudin alikaa juu ya kibao uani mwa nyumba yake mtaani Majengo, hapa Kismayo, akawaparua magamba changu wawili alioletewa na mvuvi Badi, akawatoa matumbo, akawapaka chumvi na bizari, kisha akakata ndimu moja vipande viwili, kimoja akakifunika ndani ya kisahani dirishani na kingine akajisugulia mikono mpaka kwenye vifundo, akajisuuza, akamwendea mumewe aliyekuwa akisahihisha kazi za wanafunzi barazani, akamwekea viganja vyote viwili puani na kumwuliza, kama alivyomwuliza kila walipokula samaki katika miaka tisa ya ndoa yao, "Imetoka?", naye Zubeiri, kama alivyojibu siku zote, akasema, "Bado kidogo." Harufu ilikuwa imetoka. Arafa alijua kuwa imetoka, akamwambia kwamba pua yake ile haifai hata kwa mafua, akarudi jikoni. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile, na familia imeona historia yake ianzie hapo, kwa sababu mengi aliyoyafanya maishani, tangu utotoni mwake, yalitokana na swali hilo la mikono.

Historia hii imeandikwa na mumewe, Zubeiri Famau, mwalimu wa hesabu, na inasomwa kwa niaba ya familia na kaka yake marehemu, Shee Nasrudin, leo Jumamosi, siku ya hitima yake, mbele ya jamaa waliovuka kutoka Kudhaa na Chovae, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake.

Marehemu alizaliwa kisiwani Kudhaa tarehe 3 Aprili 1953, mtoto wa pili na binti pekee wa fundi wa mashua, marehemu Nasrudin Gharibu, na mkewe Mashavu, ambaye Mungu amemjaalia kuwapo hapa leo. Kama watoto wote wa kike wa kisiwa kile alifundishwa mapema kutengeneza samaki, na kama wote alifundishwa kwamba mkono unaonuka samaki hauoshwi kwa maji matupu, huoshwa kwa ndimu au kwa ukwaju, na hapo harufu hutoka. Siku moja, akiwa na umri wa miaka saba, alikwisha kuosha mikono yake kwa ndimu ikawa haina harufu yoyote, ndipo mama yake alipompa sufuria asugue kwa majivu, na alipokuwa akisugua, mikono ikarudi kunuka samaki, wakati sufuria yenyewe ilikuwa ya wali. Alimwendea mama yake akamwuliza, "Mama, ilikuwa wapi?" Mashavu akauliza nini ilikuwa wapi, naye akasema, "Harufu. Kama ilitoka, sasa imerudi kutoka wapi?" Mashavu alimjibu kwamba mtoto wa kike anayenusa mikono badala ya kuosha vyombo huja kuolewa na paka, na kaka yake Shee, ambaye leo anawasomea maneno haya, alimwita Bibi Paka tangu siku ile mpaka siku ya harusi yake.

Swali lile hakulisahau. Kwa akili ya kitoto aliona kwamba kama ndimu ingekuwa inaifunika tu harufu ya samaki kwa harufu yake nzuri, majivu yasingeweza kuifunua, kwa kuwa majivu hayana harufu ya kushindana na ndimu, na kama ndimu ingekuwa inaiondoa kabisa, kusingekuwa na kitu cha kurudi. Kwa hiyo harufu ilikuwa palepale mkononi muda wote, imeshikwa na kitu, na majivu yaliiachisha. Alitaka kukiona kitu hicho kilichoishika. Hilo ndilo alilolitaka tangu utotoni mpaka alipolipata, na wengi wetu tulioishi naye tulichelewa kulielewa.

Alisoma chuo cha Kurani palepale Kudhaa na kuhitimu juzuu zote, kisha mwezi Oktoba 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, baba yake alimleta Kismayo akae kwa shangazi yake asome skuli, akamaliza darasa za chini mwaka 1968 na sekondari mwaka 1972. Baada ya hapo alilitumikia taifa kwa kufundisha katika wilaya ya Jamaame, na katika kampeni ya kusoma na kuandika aliishi na wafugaji, ambao, kama alivyopenda kusimulia, walimstaajabia mwanamke anayejua kula samaki na hajui kukama ngamia. Mwaka 1975 aliingia Chuo Kikuu Mogadishu kusomea kemia, na huko ndiko alikopata majina ya vitu alivyovijua kwa pua. Alifundishwa kuwa kinachonuka katika samaki ni amini, kitu chepesi kinachoruka hewani na kuingia puani, na kuwa kilichomo katika ndimu na ukwaju ni asidi, na asidi hizo zina hidrojeni ambayo haziishiki sana. Amini na asidi zikikutana, hidrojeni moja huvuka kutoka kwenye asidi kwenda kwenye amini, na viwili hivyo, kimoja kimetoa na kingine kimepokea, hugeuka kuwa chumvi, na chumvi hairuki hewani, kwa hiyo pua haipati kitu. Majivu, na sabuni pia, huinyang'anya amini ile hidrojeni, nayo ikishanyang'anywa huruka tena.

Kwa njia ya sabuni ndivyo alivyojuana na mumewe. Mwaka 1977 Zubeiri, ambaye ni mwenyeji wa Kismayo na alikuwa akisomea hesabu katika chuo hichohicho, alipika samaki na wenzake, akaosha mikono kwa sabuni mara tatu, akaingia maktaba, na msichana aliyeketi mbele yake akamwambia kwa Kibajuni, ambacho mtu ni mchu, bila kuinua kichwa, "Wee mchu, sabuni inaifungulia. Katafute ndimu." Alitafuta ndimu, akarudi, akamwonesha mikono. Walifunga ndoa hapa Kismayo siku ya Ijumaa tarehe 14 Aprili 1978, na Mwenyezi Mungu akawaruzuku watoto wawili, Mwanaharusi, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1979, na Gharibu, aliyezaliwa tarehe 19 Julai 1983.

Marehemu alihitimu shahada yake mwezi Desemba 1979, na Septemba 1980 alipelekwa kusoma katika mji mmoja wa kaskazini ya Italia, akamwacha binti yake mikononi mwa mavyaa yake, mama wa Zubeiri, Mwanalima binti Barke. Huko alijifunza elimu ya fuwele. Kwa ajili ya wale ambao hawakupata kumsikia akiieleza, fuwele ni kama punje ya chumvi ya mawe, ambayo ndani yake vijipande visivyoonekana kwa jicho vimejipanga safu juu ya safu, kwa mpango mmoja usiobadilika, na mionzi ya eksrei ikipitishwa katika punje hiyo hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu, na kutokana na madoa hayo, kwa hesabu ndefu, mtu hupata mahali ilipokaa kila atomu. Hidrojeni ndiyo ngumu kuliko zote kuonekana, kwa sababu ni nyepesi mno, na haionekani mpaka fuwele iwe safi kabisa. Arafa alitaka fuwele ya chumvi moja tu, ile inayotokana na amini ya samaki na asidi ya ukwaju. Alijaribu miaka miwili. Chumvi ile ilimpa unga, au ikampa kitu kama asali, fuwele haikumpa, ikambidi achukue shahada yake kwa chumvi nyingine. Profesa wake alimshauri aachane nayo, kwa kuwa kila mwanakemia anajua hidrojeni imekwenda wapi. Arafa alimjibu kwa adabu kwamba yeye pia anajua, ila hajaiona.

Alirudi nyumbani Agosti 1982 na tangu Septemba ya mwaka ule mpaka wiki hii alifundisha kemia katika sekondari hapa mjini, na wanafunzi waliomwita Maalima, ambao leo baadhi yao ni wakunga, mabaharia na walimu, wanajua wenyewe aliwafundisha nini. Kazi ya chumvi ile aliiendeleza nyumbani. Kwa kuwa vyombo vya maabara ya skuli vilikuwa vichache na vingi vina nyufa, alitumia sahani nyeupe za kaure alizopewa harusini, akayeyusha chumvi ndani yake na kuziweka juu ya kabati zikauke polepole. Hewa ya Kismayo mnaijua. Chumvi ile ilikuwa na kiu, jioni ikikauka ikaanza kung'aa, na asubuhi imekunywa unyevu wa bahari imekuwa maji tena. Kwa karibu miaka mitatu alikuwa akizishusha sahani, akizitazama, akizirudisha, na mavyaa yake, aliyekuwa akiishi nao, aliwaambia majirani kwamba amepata mkaza mwana mwenye elimu na heshima zake zote, ila ni mchu anayelea sahani.

Katika muda huo maradhi yalikwisha kujulikana. Baada ya kumzaa Gharibu marehemu alibaki na pumzi fupi, na madaktari wakakuta kwamba homa aliyougua utotoni ilimwachia kovu katika moyo, wakamwonya asibebe mimba nyingine na asijichoshe. La kwanza alilishika. Mwezi Julai 1985 alizidiwa, akalala kitandani wiki kadhaa. Wakati huohuo mwalimu mwenzake, Mahmoud, alipata nafasi ya kwenda kusoma katika maabara ileile ya Italia, safari yake ikapangwa kuwa mwezi Septemba, na akaahidi kuichukua fuwele na kuiweka yeye mwenyewe katika mashine, kama itakuwapo fuwele ya kuchukua. Chupa ya amini iliyoletwa kutoka Mogadishu ilikuwa imekwisha, na tone la mwisho lilikuwa katika sahani moja juu ya kabati. Kama fuwele isingepatikana kabla ya safari ile, Arafa alijua, na mumewe alijua, ingawa hawakuambiana, kwamba huenda safari nyingine asiwepo wa kuingoja.

Siku mojawapo ya wiki hizo, Zubeiri akiwa skuli, Mwanalima alipangusa vumbi juu ya kabati akaiona sahani nyeupe, na ndani yake mabaki yaliyokauka, ya rangi ya manjano kidogo kwa sababu ya ukwaju, yamejichora mistari mistari. Hakuna asiyejua hapa kwamba mgonjwa huandikiwa aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, kisha maandishi yakaoshwa kwa marashi na akanyweshwa, na kwamba hilo ndilo kombe. Mwanalima aliona kwamba mwanawe amemwendea maalim, amemletea mkewe kombe, na kwa haraka zake za kwenda kazini amelisahau. Akachukua mrashi, akamimina marashi ndani ya sahani, akaongeza maji, akakoroga kwa kidole, akasoma Fatiha na dua alizozijua, akaingia chumbani ameishika kwa mikono miwili.

"Bismillahi, mwanangu, inuka unywe," alisema. "Mume wako kaleta kombe kalisahau juu ya kabati. Limekaa mpaka maandishi hayasomeki."

Arafa aliitambua sahani. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, umetia nini humo?"

"Marashi. Kombe hutiwa nini, chai?"

"Hilo si kombe, mama. Hiyo ni ile yangu ya samaki."

Mwanalima aliisogeza sahani puani, akanusa, akanusa tena. "Samaki gani? Hii hainuki samaki."

Hapo Arafa alicheka mpaka akashika kifua, kwa kuwa mavyaa yake, bila kukusudia, alikuwa amemtolea ushahidi wa jambo alilolisomea miaka saba, na Mwanalima, aliyedhani anachekwa yeye, akakasirika. Alisema kwamba kama ni kusoma Ulaya ndiko kunakomfanya mtu akatae kombe, basi mjukuu wake hatampeleka huko. Arafa alimwomba radhi, akamwambia kwamba haifai kunywewa, inaweza kumdhuru, amwage tu. Mwanalima alikataa. Alikwisha kuisomea, akasema, na maji yaliyosomewa hayamwagwi penye nyayo za watu, iwe ni kombe, iwe ni samaki, mpaka apatikane wa kuyamwaga penye shina safi la mti au baharini. Akaifunika kwa kawa la ukindu, akaiweka juu ya meza ndani ya chumba chake cha nyuma, akawapiga watoto marufuku kuingia, na kwa kuwa kitu kilichosomewa hakikai penye harufu mbaya, alikifukiza chumba kile ubani kila asubuhi na kila jioni, na chetezo cha makaa akakiacha chini ya meza ile kikizimika chenyewe.

Zubeiri aliporudi akaelezwa. Alikwenda akasimama uani, akitazama kamba ya nguo, kwa sababu alijua kuwa chupa imekwisha. Arafa alimwita ndani, akamwambia asimkasirikie mama, na kwamba katika kila sahani nne, tatu huharibika hata bila ya marashi. Hiyo ilikuwa kweli, lakini sahani hiyo ndiyo pekee iliyokuwa imebaki.

Mwishoni mwa Agosti aliweza kusimama na kutembea ndani ya nyumba. Aliingia chumba cha nyuma kuichukua sahani aioshe, maana ilikuwa sahani yake ya harusi, akaondoa kawa. Makaa yalikuwa yamekikausha chumba siku zote zile, kawa lilikuwa limeyazuia maji yasikauke kwa pupa, hakuna mtoto aliyeitikisa meza, na ndani ya sahani, katika maji kidogo yaliyosalia, mlikuwa na fuwele saba, angavu kama kioo, ndefu kiasi cha punje ya mchele, zenye kingo zilizonyooka. Hakupiga kelele. Alilirudisha kawa, akakaa kwenye kitanda cha mavyaa yake, akamtuma Mwanaharusi akamwite baba yake. Zubeiri alipokuja, akatoa fuwele moja akaiweka katika kiganja chake akamwambia anuse, ikawa haina harufu, kisha akaichovya tone la maji na kuigusisha majivu ya chetezo, na harufu ya samaki ikapanda kutoka katika kiganja kile kama vile Badi amesimama mlangoni. Mwanalima aliyekuwa nyuma yao alisema, "Subhanallah, kumbe ni samaki kweli." Fuwele mbili zilizokuwa nzuri kupita zote zilitiwa ndani ya vimirija vyembamba vya kioo, pamoja na tone la maji yake zenyewe, zikazibwa kwa nta, na Mahmoud akasafiri nazo katika mfuko wa shati.

Majibu aliyaleta mwenyewe alipokuja likizo, mwezi Julai 1986. Alikaa chini mkekani, akatandaza karatasi yenye mistari ya mviringo kama ramani ya vilima, na familia nzima ikamzunguka. Asidi ya ukwaju, alisema, ina ncha mbili, na kila ncha ina mikono miwili ya oksijeni. Katika ncha moja mkono mmoja ulikuwa mrefu na mwingine mfupi, dalili kwamba hidrojeni yake ingali palepale. Katika ncha ya pili mikono yote miwili ilikuwa sawa, tofauti yake ndogo kuliko kosa la kipimo, dalili kwamba hidrojeni iliyokuwapo imeondoka. Arafa hakungoja amalize. Alipitisha kidole juu ya karatasi mpaka ilipo naitrojeni ya amini, na pembeni yake, peke yake, palikuwa na kilima kidogo sana, akakiwekea kidole akasema, "Hii hapa." Mahmoud akasema ndiyo, hiyo hapo. Arafa alikitazama muda mrefu. Baadaye alimwonesha mumewe kwamba hidrojeni ile, ijapokuwa imehamia kwa naitrojeni, haikuachana na ilikotoka, imeelekea upande wa pili na kuushika kwa kifungo dhaifu, kifungo cha hidrojeni, na kwamba vifungo dhaifu kama hivyo, kimoja baada ya kingine, ndivyo vilivyoishikilia fuwele nzima isimame. Jambo moja tu hakulitegemea, nalo ni kwamba kati ya amini na asidi palikuwa na chembe moja ya maji, imeingia katika safu, inashika huku na huku.

Mwanalima aliyasikiliza yote hayo, kisha akauliza, "Na marashi yangu yamo?"

"Marashi hayamo, mama," Arafa alimjibu. "Maji yamo. Chembe moja kwa kila jozi, na bila hayo isingesimama."

"Maji nani aliyatia?"

"Wewe."

"Basi," alisema Mwanalima, akainuka kwenda kutazama chungu chake.

Habari za chumvi ile zilichapishwa mwaka huu katika jarida la kisayansi, kurasa mbili, kwa majina ya Arafa na Mahmoud, na mwisho wa makala marehemu alisisitiza kuandika shukurani kwa Bi Mwanalima binti Barke kwa kuihifadhi sahani. Zubeiri alimsomea mama yake mstari huo, akautafsiri, naye akaomba usomwe tena.

Tangu Februari mwaka huu miguu ya marehemu ilianza kuvimba, akalazwa hapa Kismayo, na mwezi Aprili akapelekwa Mogadishu, ambako madaktari walisema wazi kwamba moyo umechoka na hautastahimili kupasuliwa. Aliomba kurudi nyumbani. Alifundisha akiwa ameketi mpaka Oktoba. Alhamisi tarehe 12 Novemba alisali sala ya alfajiri kwa kukaa, akaomba maji, akanywa, akaegemea bega la mumewe kama anayepumzika, na saa kumi na mbili na robo asubuhi akafariki dunia. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri katika makaburi ya hapa Kismayo. Ameacha mume, watoto wawili, mama, mavyaa na kaka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kismayo na wa Mogadishu, ambao hawakumficha marehemu lolote, kwani asingependa kufichwa, inawashukuru majirani wa Majengo waliopika na kulaza wageni tangu Alhamisi, walimu wenzake, na wanafunzi waliochimba kaburi kwa mikono yao wakakataa kusaidiwa, na Mahmoud, aliye mbali na leo anamsomea hitima yake peke yake. Inawashukuru wanawake waliomwosha, na zaidi Bi Mwanalima, aliyeomba aachiwe yeye mikono ya mkaza mwana wake, akaiosha kwa maji ya mkunazi na kafuri, kidole kwa kidole, hakuharakishwa na mtu.

Jana Ijumaa asubuhi Badi, ambaye tangu Jumatano jioni alikuwa Chovae na hakuwa na habari, alifika kwenye mlango wa uani na changu wawili katika uzi wa ukindu, akaita kama anavyoita siku zote, "Hodi, Maalima, samaki wako hawa." Zubeiri alitoka, akawapokea samaki kwanza, ili Badi asirudi nao, ndipo alipomwambia, na Badi akakaa kitako pale mlangoni. Nyumba ya msiba haiwashi moto, na samaki wale walikuwa waende kwa jirani, lakini Zubeiri hakutaka watoke na magamba. Alikaa juu ya kibao cha mkewe, akawaparua, vibaya, magamba yakamrukia ndevuni, akawatoa matumbo, akajikata kidole gumba, akamkabidhi jirani. Kisha akachukua dirishani kile kipande cha ndimu kilichofunikwa tangu Jumatano, kimekauka juu na ndani kingali na maji, akajisugua mikono mpaka kwenye vifundo, kidole kikamwasha, akajisuuza, akaileta mikono yote miwili puani, akakaa nayo hapo.

Imetoka, Arafa. Lala salama katika rehema ya Mola wako.